Mnara Haujasogea, Ramani Imebadilika: Somo la Kusasisha Programu za Usikivu wa Televisheni

Wanazuoni wenzangu, somo la leo linahusu jambo ambalo wengi tunalifanya kwa kubofya tu: kusasisha programu, au kuapdeti kama tunavyosema mabwenini. Simu ikikwambia kuna toleo jipya unabonyeza, unaenda kunywa chai, ukirudi kila kitu kiko sawa. Lakini ipo aina ya programu ambayo ukiisasisha, vijiji vizima vinaweza kupata au kupoteza televisheni kwenye karatasi, bila mtu yeyote kugusa mnara. Ni zile zinazokokotoa eneo la usikivu wa matangazo: mawimbi ya mnara fulani yatafika wapi, kwa nguvu gani, na kwa watu wangapi.

Nasoma uhandisi wa mawasiliano, mwaka wa nne, na nyumbani ni Kyerwa. Nitachukua mifano yangu Karagwe na Kyerwa, na siyo kwa upendeleo. Kwenye nchi tambarare programu mbovu na programu nzuri zinaweza kukupa jibu linalofanana. Ukitaka kujua programu ina akili kiasi gani, ilete kwetu, kwenye safu za milima zinazokimbia kutoka kusini kwenda kaskazini, na bonde la mto Kagera likitutenganisha na Rwanda upande wa magharibi na Uganda upande wa kaskazini.

Ramani ya usikivu inapikwaje

Kila ramani ya usikivu ina viungo vinne. Cha kwanza ni taarifa za mnara: uko wapi, antena iko urefu gani, inarusha kwa nguvu gani na masafa gani. Cha pili ni data za mwinuko wa ardhi. Cha tatu ni modeli, yaani kanuni ya hesabu inayosema mawimbi yanapungua vipi yakisafiri na yakigonga mlima. Cha nne ni watu: sensa, pamoja na kizingiti tunachokubaliana kwamba mtu akipata nguvu kiasi hiki, basi huyo "anapata matangazo".

Programu inachanganya vyote vinne na kukutolea picha yenye rangi. Mwisho wake huwa namba moja, kwa mfano asilimia fulani ya wakazi wa wilaya. Namba hiyo ndiyo inayosafiri: inaingia kwenye ripoti, inasomwa kwenye hotuba, inatumika kuamua pesa za minara ziende wapi. Viungo vinabaki jikoni, na ukisasisha programu, ni viungo hivyo vinavyobadilishwa, mara nyingine vyote kwa mpigo. Tuviangalie kimoja kimoja.

Ardhi: miraba ya mita 90 na ya mita 30

Programu nyingi za bure, kwa mfano SPLAT! iliyoandikwa na John Magliacane, zinatumia data za mwinuko za SRTM. Data hizo zilikusanywa na chombo cha anga cha Endeavour kwa siku 11 tu, Februari 2000, kwa rada. Kwa miaka mingi sisi wa Afrika tulipewa toleo la sekunde-tao 3, ambalo karibu na ikweta ni miraba ya takriban mita 90 kwa 90. Kila mraba una namba moja ya mwinuko. Mwaka 2014 ndipo lilipoanza kutolewa kwa umma toleo la sekunde-tao 1 kwa dunia yote, miraba ya takriban mita 30, na bara la kwanza kupewa lilikuwa Afrika.

Tofauti yake ni nini kwa mtu wa Nkwenda? Fikiria mgongo mwembamba wa mlima. Kwenye miraba ya mita 90, ncha yake inaweza kuangukia katikati ya namba mbili na kupotea. Mlima kwenye kompyuta unakuwa mfupi kuliko mlima wa Mungu, kwa mita kadhaa au hata 10.

Unaweza kusema mita 10 si kitu. Tupige hesabu. Mnara uko kilomita 20 kutoka nyumbani. Masafa ni 500 MHz, yaani urefu wa wimbi ni mita 0.6. Kuna mgongo wa mlima kilomita 1 kutoka nyumba. Kama ncha ya mgongo huo imepanda mita 10 juu ya mstari ulionyooka kati ya antena mbili, kanuni ya kawaida ya kupinda kwa mawimbi kwenye ncha kali inasema utapoteza kama desibeli 11. Kama imepanda mita 20, utapoteza kama desibeli 15. Tofauti ni desibeli 4, na hiyo ni sawa na kugawanya nguvu ya mnara kwa 2.5.

Enzi za analojia desibeli 4 zingekuletea chenga, ukavumilia, ukaangalia mpira hivyo hivyo. Dijitali haina subira. Juu ya kizingiti picha ni safi kama kioo. Chini yake ni skrini nyeusi na maandishi kwamba hakuna mawimbi. Kwa hiyo mita 10 za mlima zinaweza kuamua nyumba hiyo ipakwe kijani au nyeupe.

Angalieni pia kinyume chake. Rada haioni udongo peke yake. Inaona na vichwa vya miti. Msitu wa mikaratusi uliokuwepo mwaka 2000 unaweza kuwa umehesabiwa kama sehemu ya kilima, hata kama leo umekatwa na kuuzwa nguzo. Data mpya si lazima iwe kweli zaidi kila mahali. Ni nyingine, na ina makosa yake.

Kigae kinachogeuza Kyerwa kuwa bahari

Kuna mtego mmoja wa data ambao haumo kwenye madesa. Data za SRTM zinapakuliwa kwa vigae vya digrii moja kwa moja. Mstari wa longitudo 31 mashariki unapita kwetu: Kayanga, makao makuu ya Karagwe, iko mashariki ya mstari, na sehemu kubwa ya Kyerwa iko magharibi yake. Kwa hiyo anayetaka wilaya zote mbili anahitaji kigae cha S02E031 na cha S02E030. Akitaka na ng'ambo ya Murongo upande wa Uganda, anaongeza S01E030.

Sasa, SPLAT! ikikosa kigae haigomi. Inaandika mstari mmoja kwenye skrini kwamba eneo hilo limechukuliwa kuwa usawa wa bahari, halafu inaendelea na kazi. Kyerwa, nchi iliyoinuka zaidi ya mita 1,000, inageuka Bahari ya Hindi. Hakuna mlima, hakuna bonde, mawimbi yanateleza. Ramani inatoka nzuri ajabu, kijani mpaka Kaisho. Mtu aliyesasisha programu akasahau kuhamisha vigae vyote kwenye folda mpya anaweza kuipeleka ramani hiyo kikaoni na kupigiwa makofi.

Mwingine wa kuchunga: programu hiyo hiyo inahesabu longitudo kuelekea magharibi. Sisi tulio mashariki lazima tuandike alama ya kutoa mbele ya namba. Ukiandika 31 bila alama hiyo, mnara wako umejengwa katikati ya Atlantiki.

Mnara: mita 300 za Arc 1960

Tunadhani taarifa za mnara hazibadiliki, kwa kuwa mnara ni chuma na zege. Lakini ramani za zamani za topografia za Tanzania zilichorwa kwa mfumo wa Arc 1960, wakati GPS na data za SRTM zinatumia WGS84. Tofauti kati ya mifumo hii kwetu ni karibu mita 300, hasa kwa mwelekeo wa kaskazini na kusini. Namba zilizosomwa kwenye karatasi ya zamani ukiziingiza moja kwa moja kwenye programu mpya, mnara uliojengwa kileleni unashuka mtelemkoni, na mlima wenyewe unaukinga. Kabla ya kusasisha programu, sasisha kwanza daftari la minara. Atakayeweza apande na GPS, achukue namba upya.

Modeli: kanuni inayobadilika kimyakimya

Modeli inayotumika sana ni ile ya Longley na Rice, iliyotokana na kazi ya Anita Longley na Phil Rice huko Marekani miaka ya 1960. Toleo la 1.3 la SPLAT! lilitumia modeli hiyo. Toleo la 1.4 lilipokuja, modeli ya kawaida ikawa nyingine, ITWOM. Anayetaka ile ya zamani lazima aombe kwa kuandika -olditm kwenye amri. Asiyesoma maelezo ya toleo anaendesha amri ile ile ya mwaka jana, kwa mnara ule ule, na kupata ramani tofauti. Halafu anaandika kwenye ripoti kwamba usikivu "umeongezeka" au "umepungua". Kilichobadilika ni kanuni ya hesabu. Huko Kaisho hakuna kilichobadilika.

Upo na upande wa masafa. Mkataba wa Geneva wa mwaka 2006, ambao Tanzania, Uganda na Rwanda zote zimo kwenye mpango wake, ulipanga televisheni ya dijitali kwenye 174 hadi 230 MHz na 470 hadi 862 MHz. Baadaye sehemu ya juu ikaenda kwenye intaneti ya simu, na nchi za Afrika, kupitia Umoja wa Mawasiliano wa Afrika, zikapanga upya televisheni ibaki kati ya 470 na 694 MHz. Programu yenye orodha ya zamani ya chaneli bado itakupangia chaneli ya 55 kana kwamba iko wazi. Na kwa wilaya zilizoko mpakani hili lina uzito, maana mawimbi hayaonyeshi paspoti pale Murongo. Hesabu ya mwingiliano lazima iwe na minara ya jirani pia.

Watu: Kyerwa isiyokuwepo

Kiungo cha nne ndicho kinachonigusa zaidi. Kyerwa ilimegwa kutoka Karagwe na kuwa wilaya mwaka 2012. Kwenye sensa ya 2002 hakuna wilaya inayoitwa Kyerwa. Sote ni Karagwe. Programu inayotumia sensa hiyo haiwezi kukwambia watu wa Kyerwa wanaopata matangazo ni wangapi, kwa kuwa kwake hatupo. Mwaka 2002 Watanzania walihesabiwa milioni 34.4, mwaka 2012 milioni 44.9, na mwaka 2022 milioni 61.7. Kagera peke yake ilitoka karibu milioni 2.5 mwaka 2012 ikakaribia milioni 3 mwaka 2022. Asilimia iliyopigwa kwa sensa ya zamani inazungumzia watu ambao wengine wamehama na wengine wamefariki, na inawaacha waliozaliwa na waliojenga kwenye vitongoji vipya.

Kisha kuna kizingiti. Mpango wa Geneva unahesabu usikivu mzuri wa dijitali pale ambapo asilimia 95 ya sehemu ndani ya eneo dogo zinapata mawimbi ya kutosha, na antena ya nje inahesabiwa kuwa mita 10 kutoka ardhini. Mita 10! Nyumba zetu ni za chini, na antena nyingi zimefungwa kwenye bomba au mti kando ya paa. Nilimuuliza mama mmoja mwenye duka la antena na ving'amuzi Omurushaka kama anajua nyumba yenye antena ya urefu huo. Akacheka. "Mwanangu, hiyo si antena, hiyo ni nguzo ya TANESCO. Hiyo ramani yenu ipandisheni bodaboda mpaka Kaisho, ikajionee yenyewe." Kwa lugha ya darasani, mama alikuwa anasema dhana ya urefu wa antena haijawahi kukaguliwa uwandani. Ukiishusha antena kutoka mita 10 hadi mita 4 kwenye programu, eneo la kijani linasinyaa, na hakuna toleo jipya litakalokufanyia hivyo bila wewe kuandika.

Marekani walifikishana mahakamani

Asije mtu akasema haya ni mambo ya wahandisi tu. Februari 2012 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuwezesha mnada wa masafa ya televisheni. Sheria ikasema tume ya mawasiliano ya nchi hiyo, FCC, ifanye kila jitihada inayofaa kulinda eneo la usikivu na idadi ya watu wa kila kituo, kwa mbinu iliyoelezwa kwenye waraka wake wa kiufundi uitwao OET-69. Mwaka 2013 FCC ikatoa programu mpya, TVStudy, ya kufanya hesabu hizo. Ilikuja na data za mwinuko zenye miraba midogo zaidi na sensa ya 2010 badala ya 2000.

Chama cha watangazaji, NAB, kikaja juu: programu mpya inatoa namba nyingine, na vituo vingine vinaonekana kuwa na watu wachache kuliko kabla, ilhali sheria imetaja mbinu ya zamani. FCC ikajibu kwamba mbinu ni ile ile, kilichosasishwa ni chombo na data. Kesi ilifika mahakama ya rufaa ya Washington, na Juni 2015 FCC ikashinda.

Mimi sina tatizo na hukumu. Ninachokitazama ni kwamba pande zote mbili ziliweza kubishana kwa sababu kila kitu kilikuwa mezani: toleo gani, data gani, sensa gani. Watangazaji waliendesha programu zote mbili wakalinganisha. Ugomvi wa wazi kama ule ni afya. Mahali ambapo ramani inatolewa bila maelezo, hakuna hata cha kugombania.

Kwetu kuna nini cha kupoteza

Tanzania ilianza kuzima analojia usiku wa 31 Desemba 2012, ikianza na Dar es Salaam. Tangu hapo, anayetaka chaneli za ndani bila dishi anategemea minara ya dijitali. Mwaka 2018 TCRA ilizuia kampuni za dishi za kulipia kurusha chaneli za ndani zisizolipiwa, kwa kuwa leseni zao hazikuruhusu. Katika mazingira kama hayo, swali la "mnara unafika wapi" lilikuwa na makali. Aliyekuwa ndani ya kijani kwa kweli alinunua king'amuzi cha antena, maisha yakaendelea. Aliyekuwa kwenye kijani cha karatasi tu, nyuma ya mgongo wa mlima, alibaki na dishi lililokosa chaneli nyingi za nyumbani.

Na taarifa si anasa. Machi 2023 ugonjwa wa Marburg ulithibitishwa mkoani Kagera, na Januari 2025 ukathibitishwa tena, safari hii Biharamulo. Wakulima wanahitaji kusikia bei za mnada wa kahawa kabla mlanguzi wa butura hajagonga hodi. Kweli, redio ipo na simu zipo. Lakini kijiji kilichopakwa kijani kimakosa hakiwi tena kwenye foleni ya kusaidiwa. Serikali au kampuni ikitafuta pa kujenga kisambazaji kidogo cha kuziba pengo, inatafuta sehemu nyeupe. Kwenye ramani, kosa la kijani ni baya kuliko kosa la nyeupe, kwa sababu linafunga mjadala.

Jinsi ya kusasisha bila kudanganyana

Kwa wenzangu mnaokwenda fildi au mnaoandika mradi wa mwisho, huu ndio utaratibu ninaoupendekeza.

1. Usifute toleo la zamani. Liache kwenye folda yake, na data zake, na amri ulizotumia. Diski siku hizi si ghali kiasi hicho.

2. Badilisha kiungo kimoja kwa wakati. Endesha programu ya zamani na data za zamani. Kisha programu ya zamani na ardhi mpya. Kisha programu mpya na ardhi mpya. Mwishoni ndipo ulete sensa mpya. Ukibadilisha vyote kwa mpigo hutajua kilicholeta tofauti.

3. Chora ramani ya tofauti. Kwenye QGIS toa ramani mpya kwenye ya zamani, upake rangi sehemu zilizopata na zilizopoteza. Tofauti zikifuata migongo ya milima, sababu yake huenda ni ardhi. Zikifuata mstari ulionyooka kama rula, hasa kwenye longitudo 31, umekosa kigae.

4. Nenda uwandani. Ving'amuzi vingi vina ukurasa wa kuonyesha nguvu na ubora wa mawimbi. Si kifaa cha maabara, lakini kinatosha kusema ipo au haipo. Chagua vituo pande zote mbili za mlima kati ya Kayanga na Nkwenda, halafu endelea Isingiro, Kaisho hadi Murongo. Nenda hasa mahali ambapo matoleo mawili yanapingana. Huko ndiko kipimo kimoja kina thamani ya vipimo kumi.

5. Andika pembeni ya ramani: jina na toleo la programu, modeli, data za mwinuko na mwaka wake, sensa, kizingiti, na urefu wa antena ya mpokeaji. Mistari sita tu. Ramani isiyo nayo, mrudishie mwenyewe kwa heshima.

Wapo watakaosema huu ni usumbufu; wananchi wanataka namba moja wanayoielewa. Nakubali namba moja inasomeka vizuri. Lakini mwananchi wa Bugomora haishi ndani ya wastani wa wilaya. Anaishi upande huu wa mlima au upande ule, na programu yoyote, mpya au ya zamani, inakisia tu upande wake hadi mtu aende na antena.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, siku ukisikia kwamba usikivu wa televisheni kwenye wilaya yako umepanda kwa asilimia kadhaa, usikimbilie kushangilia wala kubeza. Uliza kwanza swali moja: kilichoongezeka ni mnara, au ni toleo la programu? Kama ni mnara, tuonyesheni ulipo. Kama ni toleo, tupeni ramani zote mbili, nasi tutapanda bodaboda kwenda kuhakiki.